Baraza Lililoezekwa: Mhadhara juu ya Masinagogi ya Zama za Warumi

Neno kanisa, tunalolitamka kila siku hapa Iringa na kule Mbeya, lina umri mkubwa kuliko makanisa yenyewe. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu walilipokea kutoka Kiaramu, lugha iliyosemwa Galilaya siku za Yesu. Huko lilimaanisha mkusanyiko, kisha nyumba ambamo Wayahudi walikusanyika. Herufi za shina lake, k, n na s, ndizo zilizomo katika bet kneset, jina la Kiebrania la sinagogi, yaani nyumba ya kukusanyikia. Sinagogi nalo ni neno la Kigiriki, na maana haibadiliki. Hata jamatkhana ya Waismaili iliyopo katikati ya mji wa Iringa imepata jina lake kwa kuunganisha jamaa na neno la Kiajemi lenye maana ya nyumba. Katika majina yote haya hamna madhabahu, hamna mnara, hamna kuba. Mna watu. Ninakusudia kuonyesha kwamba majina hayo yanasema kweli kuhusu majengo, na kwamba masinagogi ya zama za Warumi yanalithibitisha jambo hilo kwa mawe yake. Nyumba hizi zilisanifiwa kuanzia mahali pa kukaa watu. Sura ya nje ilikuja baadaye, na mara nyingi iliazimwa kwa majirani.

Kiswahili kinatupa neno ambalo wataalamu wengi wa somo hili hawanalo. Kwa watu wa pwani baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba. Watu wakikaa hapo wakazungumza, mazungumzo yao nayo yanaitwa baraza. Huku kwetu bara neno limeliacha jiwe likabaki na kikao: baraza la kata, baraza la ardhi, baraza la wazee. Mahali pa kukaa na shughuli ya kukaa pamoja vina jina moja. Mchimbuaji wa magofu anapokuta ukumbi ambao kuta zake zimezungukwa na ngazi za mawe za kukalia, na katikati pako wazi, huandika maneno mengi kuueleza. Sisi tunaweza kusema tu kwamba amekuta baraza lililoezekwa.

Ushahidi wa kale kabisa tulio nao wa nyumba za sala za Wayahudi unatoka Afrika. Ni maandishi ya mawe ya Misri, ya enzi ya mfalme Ptolemaio wa Tatu aliyetawala kuanzia 246 hadi 221 KK, yanayotaja nyumba hizo zikiwekwa wakfu kwa heshima ya mfalme. Nyumba zenyewe zimepotea, yamebaki maneno. Kwa zama za Warumi jiwe linalosema mengi kuliko yote lilipatikana Yerusalemu katika uchimbuaji wa Raymond Weill wa 1913 na 1914. Lina mistari kumi ya Kigiriki, na wataalamu wengi huliweka kabla ya Hekalu kuangushwa mwaka 70 BK. Linamtaja Theodotos mwana wa Vettenos, kuhani na mkuu wa sinagogi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakuu wa sinagogi pia. Linaeleza kwamba alijenga nyumba hiyo kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni na mahali pa maji kwa wenye shida waliotoka nchi za mbali. Tazameni kilichotajwa na kisichotajwa. Kusoma kumo, kufundisha kumo, kitanda cha mgeni na maji yake vimo. Dhabihu haimo, kwa kuwa dhabihu ilikuwa na mahali pake pale mlimani, dakika chache kwa miguu. Hata sala haikutajwa, ingawa sidhani kwamba haikusaliwa. Ilitajwa ile kazi ambayo jengo lilijengwa ili kuibeba.

Sasa tuyaendee majengo. Gamla ulikuwa mji wa mlimani katika Golan, uliotekwa na jeshi la jemadari Mrumi Vespasianus mwaka 67, wakati wa uasi wa Wayahudi, na usikaliwe tena, na kwa sababu hiyo sinagogi lake lilibaki kama lilivyoangushwa hadi Shmarya Gutmann alipoanza kuchimba mwaka 1976. Ukumbi umejengwa kwa mawe meusi ya volkano, ndugu wa yale yanayookotwa mashambani kuuzunguka mlima Rungwe. Ni magumu kuchonga, lakini yakikaa yamekaa. Ngazi za kukalia zimeuzunguka ukumbi pande zote nne, nguzo zimesimama mbele yake, na katikati pako wazi. Hamna kibla ndani yake. Masada, ile ngome ya Herode iliyochimbwa na Yigael Yadin kati ya 1963 na 1965, inatuonyesha jambo hilo likitendeka mkononi mwa watu wenye haraka. Waasi waliojificha humo vitani walichukua chumba kilichokuwapo, wakakibadilisha, na walichoongeza ni ngazi za kukalia kandokando ya kuta. Huko Magdala, mji wa ufukweni ambao sinagogi lake liligunduliwa mwaka 2009, ukumbi una mabaraza hayo hayo, na ndani yake palikutwa jiwe lililochongwa kinara cha taa saba. Watu waliobanwa na vita au umaskini huacha mapambo na kubakiza kile wasichoweza kukosa. Waasi wa Masada hawakuweza kukosa mahali pa kukaa wakitazamana.

Mtu makini atauliza: tunajuaje kwamba vyumba hivi vilikuwa masinagogi? Hakuna hata kimoja chenye maandishi mlangoni, na kumbi za mabaraza zilikuwa nyingi katika ulimwengu wa Kigiriki, hasa kumbi za halmashauri za miji. Hoja hiyo ina uzito. Jibu la kwanza ni kwamba Masada, chini ya sakafu ya kijumba kilichomo ndani ya ukumbi, vilikutwa vipande vya magombo ya Kumbukumbu la Torati na Ezekieli vilivyozikwa kwa uangalifu, na kwamba Gamla pana birika la kutawadhia karibu na ukumbi. Lakini jibu ninalolithamini zaidi ni la pili: kufanana na ukumbi wa halmashauri hakuivunji hoja yangu, kunaijenga. Kabla ya kuwa na kumbi, Wayahudi wa kale walikutana langoni mwa mji, ambako wazee waliketi, kesi zikaamuliwa na sheria ikasomwa. Mwanahistoria Lee Levine amelitetea wazo hilo kwa muda mrefu, kwamba sinagogi ni lango la mji lililohamia ndani ya nyumba. Kijiji cha Galilaya hakikuwa na uwezo wa kuwa na jumba la mikutano, shule, mahakama na nyumba ya sala kila kimoja peke yake. Kilikuwa na ukumbi mmoja, na ukumbi huo ulivumilia shughuli zote. Luka anamwonyesha Yesu kule Nazareti akisimama kusoma, akimrudishia mtumishi kitabu, kisha akiketi ili afundishe. Mwalimu aliketi miongoni mwa walioketi.

Nguzo za Gamla zinastahili tuzikawilie kidogo, maana fundi wa leo angeziona ni kosa. Zimesimama kati ya watu walioketi ukutani na kile kinachofanyika katikati. Aliyekaa nyuma ya nguzo hamwoni msomaji. Kwa nini mjenzi akubali jambo hilo? Kwa sababu ya paa. Boriti ya mti haivuki ukumbi mpana. Ni lazima ipumzike juu ya kitu. Mjenzi asiye na kenchi alikuwa na njia mbili, ama aufanye ukumbi kuwa mwembamba, ama aweke nguzo ndani, na Gamla walichagua nafasi. Waliweza kuchagua hivyo kwa kuwa ibada yao iliingia kwa sikio: Torati ilisomwa na kufafanuliwa, na asiyemwona msomaji alimsikia. Leo mafundi wetu wana kenchi za mbao za misitu ya Sao Hill, au za chuma, zinazovuka ukumbi wa watu mia kadhaa bila nguzo hata moja ndani. Nguzo zimetolewa ndani zikahamishiwa nje, na sasa makanisa mengi mapya kando ya barabara kuu yana nguzo za zege zenye vichwa vya urembo mbele ya mlango, zisizobeba kitu. Sikio nalo limesahauliwa. Mvua ya Rungwe ikishuka juu ya bati lisilo na dari, mhubiri hunyamaza au hupaza sauti hadi koo limkauke. Kwa nyumba iliyojengwa ili neno lisikike, dari ilipaswa kutangulia nguzo za mlangoni.

Baada ya mwaka 70 mambo yalianza kubadilika, na hapa ndipo hoja kubwa ya wapinzani wangu inapoingia. Hekalu lilipoangushwa, wanasema, sinagogi lilirithi utakatifu wake: likapata kibla cha Yerusalemu, shubaka la Torati, vinara, na mwishoni uzio wa mawe uliotenga sehemu ya mbele. Kwa nini basi tuliite baraza na tusiliite hekalu dogo? Mabadiliko hayo yalikuwapo, na sitaki kuyapunguza. Ila tuangalie yaliingiaje. Mji wa Dura-Europos, katika Siria, kando ya Mto Frati, ulikuwa na sinagogi lililogunduliwa mwaka 1932. Lilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi, nalo likapanuliwa likawa ukumbi, na maandishi ya Kiaramu kwenye vigae vya dari yanatupa mwaka wa 244 au 245 na jina la mzee Samweli mwana wa Yedaya. Kuta zake zilichorwa kuanzia juu hadi chini: Musa, Kutoka Misri, Esta, bonde la mifupa la Ezekieli. Tumeziona picha hizo kwa sababu Warumi, wakiuogopa mzingiro wa Waajemi, waliujaza ukumbi udongo ili kuimarisha ukuta wa mji. Mji ulianguka mwaka 256, na udongo ukaihifadhi rangi. Shubaka la Torati limo katika ukuta wa magharibi, upande wa Yerusalemu. Lakini ukuta huo ni ule mrefu, hivyo chumba ni kipana kuliko kilivyo na kina, na mabaraza ya ngazi mbili yanazunguka kuta zote. Kitabu kilipoingia kilipewa nafasi kati ya watu waliokwisha kuketi. Hawakuwageuza wote wawe safu zinazotazama migongo ya wenzao.

Karne moja au mbili baadaye tunakuta Kapernaumu. Mji wake ni wa mawe meusi, lakini sinagogi ni la mawe meupe ya chokaa yaliyoletwa kutoka mbali, lenye milango mitatu inayotazama Yerusalemu, safu za nguzo pande tatu na nakshi za majani na matunda. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walilihesabu kuwa la karne ya 2 au ya 3. Wafransisko Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda, walioanza kuchimba mwaka 1968, walikuta chini ya sakafu maelfu ya sarafu za karne ya 4 na ya 5, na sarafu haziingii chini ya sakafu zenyewe. Wapo waliopinga kwa kusema kwamba wafalme Wakristo wasingeruhusu jengo la namna hiyo, kwani Theodosius wa Pili alipiga marufuku masinagogi mapya mwaka 438. Mimi nazisadiki sarafu kuliko sheria. Sheria inayorudiwa kila kizazi hutuonyesha kwamba watu waliendelea kujenga. Umbo la jengo lenyewe ni la basilika, ukumbi wa Kirumi wa mahakama na biashara, ule ule ambao Wakristo waliuchukua baada ya Konstantino. Kwa hiyo sinagogi la Kapernaumu na kanisa la siku zile vilivaa vazi la duka moja. Ukiingia ndani, mabaraza yapo kwenye kuta za kando, kama Gamla karne tatu na zaidi kabla yake.

Sitaficha kwamba Sardi inanisumbua. Sinagogi la mji huo, katika Uturuki ya leo, liligunduliwa mwaka 1962 ndani ya jengo kubwa la mabafu na mazoezi la manispaa, na ukumbi wake wenye urefu wa meta 60 hivi uliweza kupokea watu wapatao elfu moja. Mabaraza kandokando ya kuta hamna. Yapo ya nusu duara upande wa mwisho, ya wazee, na waumini wengine walisimama au waliketi sakafuni. Mbele ya wazee ipo meza ya marumaru iliyochongwa tai wa Kirumi miguuni. Hapa jengo lilikuwapo kabla ya kuwa sinagogi, na jamii ikaingia katika vipimo vya watu wengine. Nalichukua kama funzo la gharama: waliopewa ukumbi mkubwa na wa fahari walipoteza kitu ambacho wanakijiji wa Gamla walikuwa nacho.

Wala tusidhani kwamba kukaa kwa kutazamana kuliwafanya watu wawe sawa. Kule Korazini, mji mwingine wa mawe meusi, kilikutwa kiti cha jiwe moja chenye maandishi ya kumkumbuka Yudani mwana wa Ishmaeli kwa mchango wake wa ujenzi. Wengi wamekihusisha na kiti cha Musa kinachotajwa katika Mathayo. Waraka wa Yakobo, ambao katika Kigiriki chake unatumia neno sinagogi kwa mkutano wa waumini, unawakemea wanaompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwacha maskini asimame. Mabaraza yalikuwa na vyeo. Lakini vyeo hivyo vilionekana, na kilichoonekana kiliweza kukemewa. Kuhusu wanawake, ilikuwa desturi kusema kwamba walipanda ghorofani, na ngazi yoyote iliyokutwa ilihesabiwa kuwa yao. Mtafiti Bernadette Brooten alionyesha mwaka 1982 jinsi ushahidi wa ghorofa hizo ulivyo mwembamba, naye akakusanya maandishi yanayowapa wanawake vyeo, akiwamo Rufina wa Smirna aliyeitwa mkuu wa sinagogi. Katika bara letu, huko Naro, Tunisia ya leo, sakafu ya sinagogi iliyofukuliwa na askari wa Ufaransa mwaka 1883 ina samaki, ndege na mitende, na maandishi yake ya Kilatini yanasema iliwekwa kwa mali ya Juliana. Aliyelipia sakafu nzima sioni kwa nini tumfiche ghorofani.

Labda mtu atauliza haya yote yanatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Yanatuhusu kwa njia iliyo karibu. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika jamii ambayo ukumbi wake wa ibada, kule Herrnhut katika Ujerumani, hauitwi kanisa. Unaitwa Saal, yaani ukumbi, na meza ya mwongozaji imewekwa kwenye ukuta mrefu ili waumini wakae kwa upana, karibu naye. Ni mpango ule ule wa Dura-Europos, ingawa watu wa Herrnhut hawakuweza kuujua, maana Dura ilikuwa bado chini ya udongo. Wakonsolata kutoka Italia waliofika Iringa mwaka 1919 na kufanya Tosamaganga kuwa makao yao walitoka katika mapokeo ya basilika, ukumbi mrefu wenye mwelekeo mmoja. Njia zote mbili zina heshima yake. Kilicho cha kusikitisha ni kwamba tunapojenga upya leo tunauliza swali moja tu, litaonekanaje kutoka barabarani? Huko Uganda, jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 ilisali miongo mingi katika nyumba za kawaida za vilima vya Mbale, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hazikuwa masinagogi. Kipimo kilikuwa watu kumi waliokusanyika na gombo lililofunguliwa.

Atakayeniambia kwamba jamii zetu zimekuwa kubwa mno kwa mpango wa baraza, kwamba watu elfu mbili hawawezi kutazamana, ninampeleka Aleksandria. Mapokeo ya marabi yaliyoandikwa katika Tosefta yanalisimulia sinagogi kuu la mji huo kuwa basilika yenye safu mbili za nguzo, kubwa kiasi kwamba sauti ya msomaji haikufika mwisho, hata mtumishi akawa anapunga kitambaa kutoka jukwaani ili watu wajue wakati wa kuitikia amina. Nalisoma simulizi hilo kwa tahadhari, kwani liliandikwa baada ya jamii hiyo kuvunjwa na vita vya 115 hadi 117, na kumbukumbu ya kilichopotea hukuza mambo. Lakini sioni sababu ya mtu kubuni jinsi walivyoketi. Hawakukaa mchanganyiko. Wafua dhahabu walikuwa na mahali pao, wafua fedha pao, wahunzi pao, wafumaji pao. Fundi maskini akiwasili kutoka mji mwingine, asiyemjua mtu yeyote katika ukumbi ule, aliangalia walipokaa watu wa kazi yake, akaenda akaketi nao, na kutoka hapo akapata riziki yake na ya nyumba yake.